Mshono wa Kushoto

Mimi fundi wa mavazi, chumba cha nyuma, Kololo:
pasi, pini, feni isiyozunguka.
Nguo haimfichi kitu aliyeishona.

Usiku wa kwanza, mabalozi wamejaa safu za mbele,
Apolot akatoka na gauni la korongo.
Katikati ya jukwaa nikaona bega likiruka,
kisha shingo,
kisha mgongo wote.
Upupu.
Baadaye niliukuta kifuani mwa gauni, mshono wa kushoto.
Sikumwambia mtu.

Hakukimbia. Aliuma midomo
akaucheza ule muwasho robo saa nzima,
akaupa mabawa.
Ukumbi ukasimama. Mkurugenzi akatokwa machozi:
huyo ndiye korongo niliyemtafuta miaka yote!

Nyuma ya pazia Nansamba alipiga makofi
na glavu mikononi.
Kampala, mwezi wa pili, joto la kuyeyusha mshumaa.
Glavu.

Wiki nzima wakashukiana. Mlinzi akafukuzwa,
mpiga piano akamtaja mke wa mkurugenzi.
Mimi sikuulizwa. Nani huihoji sindano?

Sasa Apolot kalazwa, ngozi imechubuka,
na Nansamba kaipata nafasi aliyoililia.
Kila asubuhi anafokewa:
"Bega! Shingo! Unaigiza tu! Rudia!"
Anarudia. Anajipinda kama waya. Wapi!

Jana jioni akanijia, viatu mkononi,
akafunga mlango, akanong'ona:
"Mama Kizza, niwekee kidogo tu.
Palepale. Mshono wa kushoto."