Kifungu cha Kumi na Tisa

Kazi yangu ni masikio.
Miaka ishirini na miwili nimeketi chini ya kiti cha Spika,
hapa Montevideo, nikidaka kila neno,
hata kikohozi nikakifungia ndani ya mabano.
Ila Jumatano, saa mbili asubuhi,
kuna chumba ghorofa ya tatu kisicho na hansadi.
Kalamu naiacha mezani. Naingia kuchemsha maji tu,
kwani birika lile naujua ukaidi wake.

Wanaingia na upepo wa kusini mgongoni.
Zulma Etcheverry wa mrengo wa kushoto, viatu chepechepe.
Nélida Pintos wa chama cha wenye ng'ombe,
ambaye jana tu alimwita Zulma kasuku wa vyama vya wafanyakazi
(ninayo, ukurasa wa arobaini, pamoja na kelele za "aibu!").
Sasa anampokeza kibuyu cha majani machungu.
Mrija mmoja, vinywa tisa:
mate ya kunywa yakutane na mate ya kinywani.
Wa kumi, Ofelia, anasimama mlangoni, koti hajavua;
kiongozi wa chama chake amemkataza kuketi.
Kusimama hakukutajwa.

Hawapendani. Asikudanganye mtu.
Ukitaja kodi, meza inapasuka katikati.
Ukitaja miaka ya wanajeshi, kila mtu hutazama dirisha:
ami yake Nélida alikuwa kanali,
kaka yake Zulma hakurudi.
Hapo birika huimba peke yake.

Lakini kuna barua. Imetoka Tacuarembó,
karatasi inanuka klorini.
Yamila, mfunga nyama kiwandani, anaeleza
anavyokamua maziwa yake nyuma ya mizoga inayoning'inia,
kikombe ndani ya glavu, mgongo kauegemeza mlango usiofungika,
na yanavyopoa kabla kikombe hakijafika nusu.
Kwa hiyo kifungu cha kumi na tisa:
chumba, kiti, kitasa, nusu saa.
Mara mbili Kamati ya Fedha imekifuta.
"Gharama," walisema. Ya kitasa.

"Wangu wanne nitawaleta," asema Nélida,
"ila Rosendo mwacheni. Atanifuata akiona simwangalii."
"Nawe kesho nitukane," asema Zulma,
"nitukane vizuri. Ukinisifu tu, kifungu kimekufa."

Akamtukana. Nimeandika yote, kurasa tatu,
matusi ya kiungwana yenye nukta na mkato.
Kisha mikono: wanne wa Nélida, Rosendo akipepesa macho,
na kule nyuma mkono wa Ofelia, umepanda hadi sikioni
ukakwama hapo, kama wa mtu anayetengeneza hereni.
Spika akauhesabu.
*Kimepita*, niliandika. Neno moja.
Nikatafuta mabano, sikuwa na cha kutia.

Mwezi wa nane, barua nyingine.
Chumba kipo. Kiti kipo, cha plastiki, cheupe.
Kitasa ni kizuri, cha chuma.
Ufunguo anao msimamizi.

Nélida aliisoma mara mbili, akavaa miwani, akaisoma tena.
Ofelia alivuta kiti.
Nami nikaweka maji.