Ndoo Kwenye Ukingo wa Picha

Kabla ya saa kumi na mbili, mawe ya Ihumwa hayana rangi.
Ni uzito tu, umelala gizani kama ng'ombe waliocheua wakachoka.
Nafungua stendi, mguu mmoja mbovu,
naukaza kwa mpira wa baiskeli niliouokota Bahi
mwaka ule nilipoharibu harusi ya watu kwa lenzi chafu.
Kisha nangoja.
Kazi hii nusu yake ni kungoja,
nusu iliyobaki ni kupangusa.

Vumbi la Dodoma halibishi hodi.
Liko kwenye chai, kwenye kope, kwenye pete ya lenzi:
ukiizungusha inalia kama mchele wenye changarawe.
Zamani nililitukana.
Siku hizi najua ndilo linaloipaka asubuhi
ile rangi ya ganda la ndani la karanga.

Nina dakika kumi na moja. Nimezipima miaka mingi,
tangu jua liguse utosi wa jiwe la juu
hadi mwanga ukauke, uwe mweupe, usiosamehe kitu.
Ndani ya dakika hizo mlima una mikunjo, una makovu,
una njia za mbuzi ambazo mchana huzioni hata ukizikanyaga.
Baada ya hapo ni kilima tu,
kama kilivyoandikwa kwenye ramani ya viwanja.

Saa tatu niko Mtumba. Huku ndiko ninakolipwa.
Ghorofa sita, kioo kitupu, ngazi bado zina nailoni.
"Linyooke," anasema mhandisi Mwaluko,
"lisionekane linaanguka chali."
Kweli, ukiinua kamera kuta huegemeana kama walevi.
Basi narudi nyuma, narudi, narudi,
mpaka mwiba wa mgunga unanishika shati.
Nalinyoosha.
Mlima haujawahi kuniomba niunyooshe.

Na tazama: kwenye kioo cha ghorofa ya nne
mlima wangu wa alfajiri umesimama wote,
umekatwa vipande kumi na sita, viwili vimepinda,
na katikati yake mtu ananing'inia kwa kamba,
anausugua kwa sifongo.
Anaitwa Chiwanga. Nilimuuliza aliposhuka.

"Huyo mtoe," kasema Mwaluko.
"Na yule mama wa karanga. Na ndoo."

Kumtoa mtu ni kazi ya dakika mbili:
unaazima kioo kisicho na mtu, unamfunika nacho.
Nimewatoa wengi.
Wakipanga foleni watafika Nzuguni.

Shangazi Matika alikuwa na tembe kule Mvumi,
nyumba fupi, paa la udongo, juu yake mtama unaanikwa.
Nilipoanza kazi nilipita pale mara ngapi sijui,
nikikimbilia mandhari.
Mwaka wa mvua kubwa likalala chini usiku mmoja.
Akanipigia: "Unayo picha yake?"
Mimi, mwenye picha elfu arobaini.

Nilitafuta siku mbili. Nikapata moja,
ya machweo, mawingu ya kujivunia,
na chini kabisa, kona ya paa,
nyeusi, isiyozidi ukucha.
Nikaikuza mpaka ikawa punje punje.
Shangazi akaishika mbali na macho, kisha karibu.
"Ndiyo yenyewe. Hapa ndipo nilipoanika."
Akakaa kimya kidogo.
"Na mlango?"

Mlango ulikuwa nje ya picha.

Jana usiku nilimtoa Chiwanga.
Nikamtoa mama wa karanga, na kivuli chake,
maana kivuli husahaulika kikabaki kinamsema mwenyewe.
Nikafika kwenye ndoo. Ya bluu, pembeni kulia,
ina ufa ulioshonwa kwa waya,
maji yake yameshika kipande cha anga.
Mkono ukakataa.

Asubuhi nimepeleka kazi. Wamelipa nusu.
Mwaluko ameitazama picha muda mrefu, miwani kwenye paji.
Ndoo hajaiona.
Au ameiona, akanyamaza.