Kushika Vifundo

Kila asubuhi, kabla mashine za samaki hazijanguruma,
Hanus hupiga magoti juu ya gunia tupu
nami humshika vifundo vya miguu.
Ndiyo kazi niliyopewa, mimi mlinda mlango
niliyedhani mikono yangu ni ya mipira tu.

Anainama mbele polepole, mgongo umenyooka,
kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kuamsha mtoto.
Msuli wa nyuma ya paja unavutwa huku ukikataa.
Katikati, mtetemo wake unanifikia viganjani.
Kisha anadondokea mikono. "Moja," nasema.

Ilikuwa dakika ya sabini, upepo wa Fuglafjørður ukija kwa ubavu.
Alikuwa akifukuzia pasi ndefu, peke yake.
Akashika paja, akageuka kutazama
nani amempiga jiwe.

Tulimwekea barafu ya kiwandani ndani ya taulo,
ile ile ya samaki, inanuka chewa.
Tukafunga bandeji, tukauinua mguu juu ya kreti.
Mjomba wake alikuja na mafuta ya moto, amekunja mikono ya shati;
Sunnvá, tabibu wetu wa viungo, akamzuia mlangoni:
"Ndani bado kunavuja damu. Ukikanda leo, unakanda jeraha."

Siku ya tano alitembea. Siku ya kumi na mbili alicheka.
Siku ya kumi na nane tulicheza na jirani zetu wa ng'ambo ya mlima,
naye akasema hauumi.
Nilimwona akipanda ngazi,
mguu mmoja ukiungoja mwingine.
Nikanyamaza. Hatukuwa na winga.

Dakika ya nne.

Safari hii hakumtafuta mpiga jiwe.
Alinitazama mimi, golini, umbali wa mita sabini.

Sunnvá hakutugombeza. Alichora kwenye boksi la samaki:
nyuzi nyingi zimelala sambamba,
na katikati kovu, kama sweta iliyofumwa na mlevi.
"Kovu halijui liende wapi," alisema.
"Lionyesheni njia ya kuvutwa, kidogo, kila siku.
Na atakayeshika miguu awe mkweli."

Leo ni wiki ya saba.
Ameinama karibu afike chini kabla ya kuachia.
"Naweza ya sita," anasema, pumzi juu.
Nahisi kisigino kikitaka kuniponyoka.

"Tano," nasema,
na namwachia miguu.