Daftari la Remba

Kisiwa chetu ni mabati tupu, ukuta kwa ukuta:
ukikohoa huku, wa nyumba ya tatu anakupa pole.
Lakini injini ya Obunga, farasi kumi na tano,
iliondoka usiku na hakuna aliyesikia.

Nikafungua daftari. Namba, rangi,
kovu la kulehemu karibu na rafadha.
Nikampigia Magesa, Ukerewe,
naye akampigia Kiggundu, Kalangala:
watu watatu tusiowahi kuonana,
kila mmoja na Kiswahili chake,
salio likiisha katikati ya tarakimu.

Wezi hawana shida hiyo.
Wao waliungana zamani,
hawaulizani pasi,
hawangoji barua yenye muhuri kutoka mjini.

Siku ya tisa Kiggundu akapiga:
"Namba wameikwangua kwa tupa, mama,
ila kovu lipo."

Obunga akacheka, kisha akanyamaza.
Injini iko ng'ambo, kovu ni shahidi,
na forodha inataka risiti
ya duka lililoungua mwaka juzi.

Nimeandika hilo pia, kwa wino mwekundu.
Kesho Magesa analeta zake.
Injini nne.