Mshika Tochi

Miaka ishirini na sita kazi yangu ni kushika tochi.
Zuwena yuko chini ya sinki, kichwa hakionekani,
kanga kaifunga kibwebwe, mkono mmoja unadai:
spana. Si hiyo. Ile iliyopinda.
Na wewe unamulika ukuta, unamtafuta nani?

Tunakaa Wadi Kabir, ghorofa ya tatu, jengo la zamani.
Ofisini nilisema Kiarabu, sokoni chochote kilichoeleweka,
lakini bomba likivuja nyumba hii husema Kiswahili,
tena kile cha Wete, cha kusonya na kuapa.

Mara moja tu nilimwita fundi.
Akagonga vigae kwa kidole kama daktari agongaye kifua,
akataka riali thelathini, avunje ukuta mpaka atokee kwa jirani.
Zuwena akampa kahawa na tende, akamsindikiza mlangoni.
Kisha akaufungua mfereji, akatoa kijipete cha mpira
kilicholika kama kisigino cha ndara,
akanituma kwa Biju, duka la vifaa nyuma ya msikiti:
mipira minne, baisa mia.
Riali thelathini, baisa mia.
Hesabu hiyo nasomewa kila Ijumaa hadi leo.

Anajua siki, ukiifunga kwenye mfuko wa nailoni usiku kucha,
huila chumvi iliyoziba bomba la kuogea.
Anajua utepe mweupe huzungushwa kufuata mkazo wa nati, si kinyume,
na ufa wa ukuta haupakwi rangi kabla ya kukwanguliwa:
kidonda, husema, hakitibiwi kwa poda.
Na mwezi wa sita, tangi la juu ya paa linapotokota
na mfereji wa baridi kutoa maji ya kutilia majani ya chai,
yeye huzima hita, maji yakalala humo kivulini,
tukaoga baridi kwa mfereji wa moto.
Wageni huungua.
Sisi husahau kuwaambia.

Agosti hii binti yetu Rayya kajifungua, Salala.
Zuwena kapanda basi na chupa ya samli.
Usiku wa tatu nikasikia: to.
Nikageuka ubavu. To.
Nikaweka taulo. Nikaweka ndoo. Nikaweka mto juu ya kichwa.
Saa nane nikainuka, mwanamume mzima mwenye spana,
nikaung'ang'ania mfereji
kabla sijafunga maji ya nyumba.

Weee!
Yakanipiga usoni, ya moto, ya Agosti,
miwani ikashika njia yake.
Nikampigia. Huko kulikuwa na manyunyu, nikayasikia.
Hakuuliza kuna nini. "Umesahau valvu," akasema.
"Nyuma ya mlango wa jikoni, juu ya kapu la vitunguu. Kulia.
Kulia kwako, si kwangu."

Nikafunga. Nikaibana tochi kwa meno,
maana hapakuwa na wa kunishikia.
Akanongoza kwa kunong'ona, mtoto kamlalia kifuani:
ung'oe wa zamani, usiukwaruze, futa mchanga kwa kitambaa.
Kwenye kopo la maziwa ya unga
mpira ulibaki mmoja.
"Kaza mpaka ukatae, kisha robo tu. Mfereji si adui yako."
Robo. Nikafungua maji.

"Ee?"
"Kimya," nikamwambia.
Hakuniamini. "Iweke simu karibu nao."
Nikaiweka ukingoni mwa sinki, nikachuchumaa, magoti yamelowa,
na kwa kilomita elfu moja za mchanga na mawe
tukasikiliza,
mimi, yeye, na kichanga kikipumua katikati yetu,
maji yasiyodondoka.