Kila Mita Tano

Kozi ni ya wiki kumi na mbili, pale Welkom,
katika banda la bati lililokuwa ghala la baruti.
Labuschagne hufundisha bila kuketi,
chai yake inapoa juu ya ramani.
"Patasi haina macho," asema. "Nanyi msiwe nayo.
Kila mita tano, simama, chonga.
Hata pasipokupendeza. Hasa pasipokupendeza."

Tunashuka saa kumi alfajiri.
Kizimba kinatumeza arobaini, bega kwa bega,
masikio yanaziba, yanazibuka, yanaziba.
Mita elfu moja mia tisa.
Mwamba wa huku una homa:
ukiuwekea kiganja, unagusa paji la mtoto mgonjwa.

Mshipa wenyewe haufiki shibiri.
Kokoto nyeupe zimepangana
kama meno ya yule farasi wetu wa Mafeteng.
Namulika taa nitafute dhahabu. Hakuna.
Wahenga walituonya na king'aacho;
kisichong'aa hawakukitaja.

Nachonga. Mzimasi, kijana wa Lusikisiki,
anakinga karai, maana hata vumbi ni shahidi.
Tiketi: 0417. Upana: sentimita ishirini na mbili.
Mfuko unafungwa, unakwenda maabara;
huko watu tusiowajua watauyeyusha
na kuturudishia nambari moja, gramu kwa tani.
Kisha mtu mwenye kiyoyozi atasema: endeleeni.
Au atasema: fungeni, waende kwao.

Baba yangu, Motlalepula,
alitoboa mwamba huuhuu miaka kumi na tisa.
Hakuwahi kuonyeshwa ramani.
Akija likizo ya Krismasi alituchorea mgodi
kwa kijiti, kwenye majivu:
hapa kizimba, hapa kushoto, hapa unainama,
hapa unatambaa, halafu —
akafuta kwa kiganja.
"Huko sikujui. Huko nilikuwa napelekwa tu."

Wiki ya nane, upimaji.
Timazi inaning'inia kwenye kigingi cha darini,
upepo wa feni unaichezea,
nasi tunaisubiri kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu.
Theodolaiti, pembe, tepu, pembe.
Unaondoka kigingini, unazunguka, unarudi kigingini,
na hesabu sharti ikubali kwamba umerudi.
Yangu ilikataa: milimita arobaini na tatu.

"Zigawe," Mzimasi akaninong'oneza,
"kila kigingi kipe mbilitatu, nani ataona?"
Labuschagne alikuwa nyuma yetu.
"Kosa dogo hugawiwa, hiyo ni kanuni.
Kosa kubwa hutafutwa."

Jumamosi nikashuka tena na tepu.
Mkondo wa nne: tano niliyoiandika kwa jasho
mezani niliisoma tisa.
Arobaini zikarudi kwao.
Tatu zilizobaki nikazigawa.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa makadirio.
Swali la sita: *Sampuli moja, kutoka sehemu moja,
imeonyesha kwamba hakuna kitu. Andika thamani ya eneo.*
Kalamu za wenzangu zikakimbia: sifuri, sifuri.
Yangu ikasita.

Nilimkumbuka baba kwenye benchi la kliniki ya mgodi,
kopo la plastiki mkononi, jina lake limekosewa herufi.
Akakohoa mara moja. Wakachukua mara moja.
Cheti kikasema: mzima, anafaa kazi.
Miezi kumi na minne baadaye
tulimshusha mita mbili tu,
na shimo lile, nakumbuka,
hakuna aliyelipima.

Feni ya darasa ilizunguka. Dakika tisa zilibaki.
Sikuandika sifuri.
Niliandika: *Bado haijulikani.
Rudini. Chongeni tena, kila mita tano,
hasa pasipowapendeza.*
Kisha nikatia sahihi, jina lote,
herufi moja moja: Keneuoe Motlalepula.