Sanduku la Mifupa

Siku ya kwanza walitugawia mifupa.
Si vitabu. Vitabu, alisema Profesa Kangro,
vitakuja vyenyewe, kama madeni.
Kila wanafunzi wawili, sanduku moja la mbwa,
mbwa mzima aliyepanguliwa akawa somo,
na sahihi yako daftarini kwamba utamrudisha
hata kidole kisipungue.

Mimi sikuwa na mwenzi.
Wenzangu walikwisha kujuana Agosti,
kwenye moto wa kambi nilioukosa
kwa sababu viza yangu ililala wiki tatu katika droo ya mtu.
Nilisimama dirishani nikisoma orodha ya majina
kama asomaye menyu huku mfuko umetoboka.

Ndipo akaja mmoja, mrefu, pua nyekundu kwa mafua,
akatua sanduku mezani kwa kishindo.
"Mwenzangu amehamia udaktari wa meno."
Basi. Hakutabasamu. Akaketi.
Leelo. Jina nililisoma kwenye kibandiko.

Tartu, Septemba, mvua isiyoanza wala isiyokwisha.
Wiki nzima tulizungumza mifupa tu.
Bega. Paja. Pingili ya kwanza ya shingo,
ambayo kichwa huitikia ndiyo juu yake;
na ya pili, ya hapana.
Nilimwandikia mama kule Caacupé: nimepata rafiki.
Nikafuta.
Nimepata mtu tunayegawana naye mbwa.

Jumamosi alikuja bwenini, sanduku kwapani.
Nikamtengenezea tereré kama tufanyavyo kwetu:
majani ya yerba, maji ya barafu,
kikombe kimoja, mrija mmoja,
nakupa, unanirudishia, mpaka jua lichoke.
Akanywa duru ya kwanza. Akasema asante.

Kwetu, ukisema asante umetosheka.
Basi nikamruka. Nikajaza, nikanywa mimi,
nikajaza, nikanywa mimi,
saa nzima,
naye anautazama ule mrija
kama paka nje ya bucha,
huku akinitajia mishipa ambayo sikumwuliza.

Alishashika kitasa alipogeuka.
"Nimekosa nini?"

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta. Nikamweleza.
Yeye hakucheka. Alifikiri kwanza
(kule watu hufikiri kwanza),
akavua tena koti, akakaa, akanyoosha mkono.
"Basi nairudisha asante yangu."

Usiku ule aliniuliza jina langu, lile lenyewe,
si la wahadhiri: Isapi, Yusapi, yule wa Paraguai.
Ysapy, nikasema. Umande.
Hiyo y hutoka nyuma, ulimi umejivuta
kama mtu anayempisha mgeni mlangoni;
ikisimama peke yake, kwa bibi yangu, ni maji.
"Lakini hiyo ni õ yetu," akasema. "Au ndugu yake."
Akalitamka jina langu mara moja, sawasawa,
nami nikainamia sanduku kuhesabu pingili
nilizokwisha kuzihesabu.

Desemba tulimrudisha mbwa.
Kimepungua kipande kimoja cha kidole,
kama punje ya mahindi.
Tulipekua vitanda, tukakung'uta zulia,
tukamshuku paka wa jirani.
Faini euro kumi na nne. Tukalipa nusu kwa nusu,
yeye kwa sarafu, moja moja, kama anayetoa meno.

Machi, barafu ya mtoni ilipopasuka,
nikaukuta ule mfupa ndani ya bitana ya koti langu.
Sijamwambia.
Asubuhi tunavuka daraja kwenda darasani,
yeye ananifundisha kusema *jää*, barafu, na *jää*, baki,
neno lilelile, upepo uleule masikioni,
nami mfukoni nimeushika, mdogo, umepata joto.
Leelo ananidai euro saba.
Sina haraka ya kumlipa.